Tunazima Sauti

Jumanne wateja ni wachache. Hidaya anashusha pazia,
anachomeka flashi kwenye televisheni ya saluni yake hapa Mwanga,
juu ya kabati la mafuta na mawigi mawili yasiyonunuliwa.
Mimi nimesukwa nusu kichwa, twende kilioni.
Zabibu ametoka Kibirizi kuanika dagaa, anakaa karibu na mlango
kwa heshima yetu, na kwa ajili ya upepo.
Bukuru kaja na mtoto mgongoni na karanga za kuchemsha.

Filamu ni ile ile:
dada mwenye ofisi kubwa, moyo umefungwa kama duka la marehemu,
na kijana anayemmwagia kahawa.
Kwanza watachukiana. Tunajua. Ndiyo maana tumekuja.

Mtafsiri ni mwanaume. Jina lake silijui, nalijua koo lake.
Kijana akisema neno, yeye hulipa uzito, kama mshenga anayetaja mahari.
Dada akisema, anambania pua: "Jamani mpenziii,"
hata pale ambapo, ukimtazama mdomo,
mtoto wa watu anazungumzia mkataba.
Siku moja dada aliongea dakika nzima, tafsiri ikatoka maneno matatu.
Hidaya akachukua rimoti. Akazima sauti.

Tangu siku hiyo tunawasemea wenyewe.
Zabibu ndiye dada, kwa sauti ya mtu aliyebishana bei tangu alfajiri:
"Gauni ni elfu arobaini. Mapenzi baadaye."
Bukuru ndiye kijana. Anashusha besi mpaka mtoto anashtuka mgongoni.

Usidhani hatuoni.
Tunaona kwamba lazima ajikwae ndipo apendwe,
kwamba miwani ikivuliwa ndipo anakuwa mzuri
("Na sasa anaona nini?" anauliza Hidaya),
kwamba kati ya wawili, anayeacha kazi ni yeye.
Na rafiki yake, yule mnene, mbeba mkoba, mwenye majibu yote:
nyumbani kwake kamera haijawahi kupiga hodi.
Ikifika zamu yake tunatazamana.
Hakuna anayetaka kumsemea. Tunamjua mno.

Mume wangu anasema tunashinda kutazama uongo.
Yeye hutazama mtu mmoja akiua arobaini
kwa bastola isiyoisha risasi,
kisha anazima taa, analala, ameridhika na ukweli.

Mwishoni kijana anakimbia uwanja wa ndege, jasho, tai begani.
"Angekuwa Kigoma," anasema Bukuru, "akimbilie nini?
Reli imeishia hapa, na treni ikichelewa siku mbili
ana muda wa kuomba radhi, akaoge, aombe tena."
Tunacheka mpaka ile nusu iliyosukwa inaniuma.

Kisha inafika ile sehemu.
Si busu. Wakati wa busu tunaokota maganda ya karanga.
Ni kabla yake: dada anaeleza, kijana anamtazama.
Hatazami simu, hatazami mlango,
hamalizii maneno kwa niaba yake.
Anamtazama mpaka sentensi inafika kwenye nukta.
Hapo saluni nzima hakuna anayemsemea mtu.
Zabibu, aliyeolewa mara mbili, anasema taratibu, kwa sauti yake mwenyewe:
"Rudisha nyuma."
Hidaya anarudisha.

Mara ya tatu umeme ukakatika mtaa mzima.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikakata tamaa.
"Haya," akasema Bukuru, "tumalizie wenyewe."
Na humo gizani mmoja wetu, sikutaka kujua nani,
akampa yule rafiki mnene nyumba,
ya bati, mlango wa bluu, mawese yakichemka jikoni,
na ndani yuko mtu anayeuliza, "Habari za leo?"
Akijibiwa "Nzuri,"
anavuta kigoda, anakaa:
"Hiyo ni salamu. Sasa nieleze."

Kichwa changu kilibaki nusu mpaka Jumatano.